Sarafu Isiyonunua Hata Kitunguu

*Zhenjiang, ukingo wa kusini*
*Mwaka wa kwanza wa Shaoxing, mwezi wa pili, siku ya sita*

Mdogo wangu Zhong,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na farasi zako, pamoja na mwanangu Anlang, huko ng'ambo kwa hao Wajurchen wavamizi waliowachukua kwa nguvu. Sisi huku tu wazima. Nasema "sisi" kwa mazoea tu, maana tuliokimbia kutoka nyumbani tulikuwa watatu, mimi, mama na mume wangu, na unajua ni nani aliyefika. Mwezi uliopita nilifanya kumbukumbu ya mama. Nilipika uji wa ulezi na maharage mekundu, nikaupuliza pembeni mwa bakuli vile alivyokuwa akiupuliza, halafu nikaunywa mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuunywa.

Sasa nikwambie kilichonifanya nimsumbue Mzee Kou, muuza bata. Huyu anavuka mto apendavyo, kwa kuwa maofisa wa pande zote mbili wanapenda bata, na hakuna anayemuuliza bata wake ni raia wa nani. Amekuletea koti. Ni la Anlang. Lipapase kwenye pindo la chini, mgongoni, utasikia kitu cha mviringo. Ni sarafu, ila si pesa. Niliijaribu sokoni kwa utani, mama wa mboga akanirudishia huku akicheka: "Dada, hii hainunui hata kitunguu!"

Ni alama. Jenerali wetu amezisubu nyingi. Maneno manne yamezunguka tundu la katikati, yakisema tunaita, tunapokea, na ahadi yetu ni hazina. Askari wa upande huo wakitekwa hawauawi siku hizi. Wanalishwa, vidonda vinafungwa, kisha wanapewa sarafu hizi na kuambiwa: rudini kambini, mwambieni kila aliyechukuliwa kwa nguvu na Wajurchen, akitaka kuja kwetu afike mtoni aionyeshe, atapita. Sikuambiwa, Zhong, nimeona. Mimi ndiye ninayewapikia uji wakishuka mashuani. Akida Guo, mkuu wa kivuko, amenipa moja kwa ajili ya mwanangu.

La mwisho ni hili. Wanaoshuka wote wamenyolewa utosi na nguo zao zimefungwa kushoto, kama amri ya Wajurchen inavyotaka. Kushoto! Vile tulivyomvika baba siku ya jeneza. Walinzi wetu huwatania, "Karibuni uji, enyi maiti!" Nao hucheka. Mimi sicheki. Mto huu umemeza watu wengi, na sitaki mwanangu auvuke amevaa kama aliyekwisha kufa. Koti nimelishona lifungwe kuume, kama la mtu aliye hai. Nimelitoa kwenye joho la baba la kufundishia, na harufu ya wino bado iko kwenye kola. Mwambie Anlang mama yake amesema: siku ya kuvuka avae hili, asivae jingine.

Dada yako,
Suniang

&nbsp;

*Kambini, mwezi wa tatu, siku ya kumi na nane*

Dada Suniang,

Shikamoo. Mwaka siuandiki. Huku una jina jingine, na sitaki kuliandika kwa mkono ambao baba aliushika kuufundisha.

Tu wazima. Farasi wana chawa, sisi pia, kwa hiyo hakuna anayemcheka mwenzake. Mguu wangu alioupiga teke yule farasi mwekundu umeunga, lakini umeunga upande, nami natembea kama meza iliyokatwa mguu mmoja. Anlang amekuwa mrefu. Ukimwona utadhani ni shemeji mwenyewe, kwa jinsi alivyofanana na baba yake.

Koti limefika. Alilivaa haraka, mikono ikaishia karibu na kiwiko.

"Mjomba, hili koti la nani? La paka?"

"La kwako. Mama yako amekushonea."

"Mama anadhani bado nina miaka kumi na miwili."

"Shukuru wewe. Mimi huyo ni dada yangu tumbo moja, na hajawahi kunishonea hata soksi."

"Akushonee wewe? Unanuka farasi mpaka ndotoni."

Nikamrushia brashi, akaikwepa. Baadaye nilimkuta nyuma ya zizi ameingiza pua kwenye kola, macho amefumba. Nikarudi nilikotoka. Koti tumelificha kwenye majani makavu ya farasi.

Mpango ni huu. Mwezi wa nne tunakata matete machanga ya farasi, naye hutumwa na mundu mpaka ukingoni, pamoja na wengine. Ukungu ukishuka asubuhi, Mzee Kou atakuwa kwenye kijito na mtumbwi wake. Mimi sitakuja. Walinzi wenu wamemwambia Kou kwamba sarafu moja ni mtu mmoja, na kwa mguu huu nitamchelewesha.

Ila nina swali, dada, na naomba jibu. Akishamaliza huo uji wako atapewa jembe au mkuki? Ananiuliza kila siku. Namjibu jembe.

Mdogo wako,
Zhong

&nbsp;

*Zhenjiang, mwezi wa nne, siku ya ishirini na tano*

Mdogo wangu Zhong,

Marahaba. Habari za mguu wako zimenisikitisha. Ukandwe kwa tangawizi ya moto, na usiuweke kwenye maji ya asubuhi. Huku mvua imekuwa nyingi, na paa langu linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Jirani ameniletea paka, na paka amekataa kukaa.

Ukungu umeshuka mara nyingi mwezi huu. Kila unaposhuka nafika kivukoni kabla kuni hazijashika. Watu wanakuja, wengine hata si wa kwetu. Juzi kulikuwa na Wajurchen wawili wenyewe, wameshika sarafu zao kwa mikono miwili kama watoto walioshika yai. Nawatazama wote usoni mpaka wananitania. Mmoja aliniuliza, "Mama Uji, unatafuta mkwe?" Nikamwambia, "Kunywa uji wako, wewe hata binti wa kukuozesha sina."

Natenga bakuli moja pembeni na kulifunika. Akida Guo akaniuliza:

"Mama Uji, hili la nani?"

"La mwanangu."

"Na la jana?"

"La mwanangu vilevile."

"Basi lipoapo mpe mtu anywe. Uji haumngoji mtu."

Nampa mtu. Kesho yake natenga jingine.

Uliniuliza kuhusu jembe. Wanaovuka wanapewa nguo mpya na mahali pa kulala, na mashamba yasiyo na wenyewe ni mengi sana huku, ukitembea kuelekea kusini utayaona yamejaa magugu. Anlang alikuwa na mkono mzuri wa kupanda vitunguu, unakumbuka? Alikuwa anavipanga kwa urefu kama watoto wa shule.

Niambie amechelewa kwa nini.

Dada yako,
Suniang

&nbsp;

*Zhenjiang, mwezi wa tano, siku ya tano*

Zhong,

Leo ni sikukuu. Nimefunga mchele kwenye majani, wa kwako na wa Anlang, nimempa Mzee Kou. Ameupokea bila kunitazama. Kwa kawaida mzee huyu husema mpaka bata wake wanachoka.

Andika neno moja. Hata ukiandika "bado" litanitosha.

Suniang

&nbsp;

*Kambini, mwezi wa sita, siku ya ishirini*

Dada,

Shikamoo, na nisamehe kwa kimya. Farasi walipata ugonjwa wa mafua, sikuwa nikilala. Halafu wino uliisha. Halafu Mzee Kou alizuiwa kwenye kituo cha juu mpaka wakala bata wake wote. Mchele wako ulifika umeharibika, lakini nilifungua majani nikanusa, ikatosha.

Anlang alikosa ile siku ya matete. Baadaye wamemhamishia kambi nyingine, mbali, kaskazini. Sarafu anayo. Hakuna wa kumnyang'anya huko.

Yule farasi mwekundu amekufa. Nilidhani nitafurahi, sikufurahi. Nilimzoea. Yupo mwingine sasa, mweupe, mpole mno, anaogopa hata ndoo. Nikimpelekea maji lazima nianze kuimba kidogo ili ajue kwamba ndoo inakuja na mtu. Wenzangu wananicheka, wananiita mama yake.

Nilitaka kukuuliza kitu. Mama alipofariki njiani, mlimwekea nini mdomoni? Baba alikuwa akisema mtu asiende safari ile mdomo mtupu. Hapa kuna mzee mmoja amefariki, na watu wanabishana.

Zhong

&nbsp;

*Zhenjiang, mwezi wa saba, siku ya tisa*

Mdogo wangu,

Marahaba. Paa limezibwa. Paka amerudi.

Mama tulimwekea punje chache za mchele mbichi. Ndizo tulizokuwa nazo. Baba yake Anlang alitaka kuvunja kishikizo cha joho lake ili aongeze, nikamzuia, nikamwambia atapata baridi. Bado najiuliza kwa nini nilimzuia.

Jana amevuka mtu anaitwa Meng, fundi wa kwato za farasi. Nilipomsikia anasema kwato nikamsogelea na upawa mkononi.

"Kuna mtu wa farasi kule, mguu wake mbovu. Anaitwa Zhong."

"Zhong? Namjua sana! Anaimbia farasi. Sisi tulimwambia, wewe bwana, ungeoa."

"Ana mpwa wake."

Akaacha kunywa. Akatazama ndani ya bakuli.

"Mama, uji wako una chumvi nyingi."

Zhong, jana sikutia chumvi. Ilikuwa imekwisha tangu juzi.

Nikakaa chini mbele yake na kumwambia, "Mimi ndiye mama yake. Sema." Alisema. Sitaandika alichosema. Nakuuliza jambo moja tu, nawe usinijibu habari za ndoo: nani alimzika?

Na mimi nina langu ambalo nililizunguka. Ni mkuki. Wanapewa uji, nguo na kitanda, na baada ya hapo wanapangwa kwenye kikosi kipya. Nililijua tangu siku ya kwanza. Nilisema moyoni, akiwa na mkuki upande huu nitakuwa namwona mara moja moja, akiwa na mkuki upande ule simwoni kabisa. Basi nikakuandikia habari za vitunguu.

Akida Guo amenipa sarafu nyingine. Sikumweleza sababu, naye hakuuliza. Njoo wewe.

Suniang

&nbsp;

*Kambini, mwezi wa nane, siku ya kumi na tano*

Dada yangu,

Shikamoo. Nilimzika mimi.

Niliomba ruhusa, nikapewa, kwa kuwa aliyeomba ni mtu wanayemhitaji kwa farasi wao. Nilimfunga kwenye mkeka wa matete. Yuko juu ya kijito, penye mti wa mforosadi uliopigwa na radi, mahali ambapo maji hayafiki hata mto ukijaa. Nilimwosha uso. Alikuwa na doa la wino kwenye shavu, nadhani lilitoka kwenye kola. Hilo sikulifuta.

Mchele sikuwa nao. Ulezi ulikuwepo, wa farasi, lakini nilikataa aende na chakula cha farasi wa watu. Nikafumua pindo nikaitoa sarafu yako, nikamwekea mdomoni. Maneno yake ni tunaita, tunapokea. Nilifikiri kama huko kuna wapokeaji, watayasoma. Kwa hiyo nilipokwambia sarafu anayo, hapo tu sikukudanganya.

Alikufa kwa homa. Ni homa ya mbu wa matete, ilimshika siku mbili. Kama Meng amekwambia jingine, Meng ni mlevi, kila mtu hapa anajua. Koti lilimpendeza. Kifuani lilimkaa vizuri, ni mikono tu iliyokuwa mifupi.

Usinitumie sarafu. Kama ni mkuki, wa huku ninao tayari, na sioni faida ya kuvuka mto ili niugeuze ncha. Halafu nani atang'oa majani pale? Yanaota haraka, dada, huwezi kuamini. Wanasema kambi itahama baridi ikianza. Hapa wanasema mengi.

Leo mwezi ni mkubwa. Nilimtoa farasi mweupe nje auone. Akauogopa.

Zhong

&nbsp;

*Zhenjiang, mwezi wa tisa, siku ya kumi na mbili*

Mdogo wangu Zhong,

Marahaba. Ni homa, basi. Majirani nimewaambia hivyo: mwanangu alikufa kwa homa ya mbu, na mjomba wake alimwosha uso. Nakushukuru kwa yote mawili.

Huku tanuri la sarafu limezimwa. Akida Guo anasema waliokuja wametosha kuunda vikosi, sasa ni zamu yao kwenda. Sufuria langu limechukuliwa kwa ajili ya safari yao. Meng ameondoka nao, ana mkuki mrefu kuliko yeye, na anaushika kama ufagio. Aliniaga kivukoni: "Mama Uji, nikimwona Zhong nimsalimie?" Nikamwambia, "Ukimwona mkimbie, naye akimbie, kila mtu upande wake." Akacheka. Mkikutana, Zhong, tafadhali msichomane.

Sarafu nakutumia hata kama umekataa. Nimeifunga kwenye kitambaa tu, sikuishona popote. Walinzi wameahidi kwamba zilizokwisha kutolewa zitapokelewa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Majani yatajiotea. Anlang hatanuna, alikuwa mvivu wa kupalilia, unamjua.

Njoo. Nimebaki na bakuli mbili.

Dada yako,
Suniang

&nbsp;

*Zhenjiang, mwezi wa kumi, siku ya kwanza*

Zhong,

Mzee Kou amerudi na bata wake wote, na barua yangu ya mwezi wa tisa, na sarafu ndani ya kitambaa kama nilivyoifunga. Nilimpa kiti.

"Hakuna kambi, mama. Kuna majivu na mavi ya farasi."

"Wamehama?"

"Wengine wamehama."

"Na wengine?"

"Vikosi vyenu viliwakuta wakifunga mizigo. Mimi nilifika baadaye. Sikugeuza mtu yeyote kumtazama uso, nisamehe, mimi ni muuza bata."

"Kaburi je, la kwenye mforosadi?"

"Lile nililiona. Lilikuwa limepaliliwa."

Kwa hiyo najua kwamba siku chache kabla ya hapo ulikuwa hai na ulikuwa umeinama. Zaidi ya hilo sijui, na sioni njia ya kujua. Sarafu iko hapa mezani. Paka anaichezea. Nikiipeleka sokoni bado hainunui hata kitunguu.

Naandika barua ambayo Kou hana mahali pa kuipeleka, na ndiyo maana naweza kuiandika. Meng hakuwa amelewa siku ile. Alikunywa uji wangu tu. Alisema wakata matete walikuwa wengi kwenye ukungu, kila mmoja na mundu wake, na doria ya farasi ikawapita mmoja baada ya mwingine bila kuwasemesha. Ikasimama kwa mmoja. Mkuu wa doria akainama kwenye tandiko, akashika ukosi wa koti, akauliza, "Hili linafungwa wapi?" Kwa amri yao swali hilo lina adhabu moja. Kama mwanangu angevaa nguo ya kambini, wangempita naye. Meng alisema kwamba wewe ulimsihi Anlang alifumue koti na kulishona upya lifungwe kushoto, akakataa. Alikwambia, "Mjomba, mama amesema."

Hukuniandikia hilo. Mwezi baada ya mwezi ulinipa habari za mafua, wino na ndoo, kisha ukanipa homa. Nami niliipokea homa hiyo kwa mikono miwili ili usijue kwamba najua. Tulikuwa tunafichana kitu kimoja, mdogo wangu, kila mtu amekikalia upande wake wa mto.

Leo ni siku ya kuwachomea wafu nguo za baridi. Kando ya njia wanauza za karatasi, zimekwisha kukatwa, zina rangi nzuri. Sikununua. Nimeikata mwenyewe kwa karatasi nene, na mikono nimeifanya mirefu, kama ya mtu aliyefanana na baba yake. Nimekata moja tu. Ya kwako sikukata. Nikiikata nitakuwa nimekuua, na kuua kwa sindano nimekwisha kuua mara moja.

Barua hii nitaiweka ndani ya koti hilo la karatasi niviwashe vyote pamoja. Kama uko huko, atakusomea. Kama hupo, basi wewe Anlang isome peke yako, halafu ulivae koti, kuna baridi. Ukosi nimeukunja, nimeutazama tena kabla sijatoka mlangoni. Safari hii nimelifunga kushoto.

Suniang